Doa la Kutu kwenye Kitambaa Cheupe

Katika miaka ya elfu mbili, binti yangu wa mwisho alikuwa chuoni Pwani akisomea tope la chini ya bahari. Mimi, mjane wa Kitale, nilifundisha watoto wa kanisa Neno, na bahari niliijua kwa kitabu cha Kutoka tu.

Kaka mkubwa wa marehemu mume wangu alituita nyumbani Kabuchai. Alitaka binti aachane na Pwani, aje kufundisha sekondari. Bila baraka yake asingerudi masomoni.

“Tope si liko hapa kwenye miwa, tele?” alimwambia. “Huko baharini unafuata nini, bana?”

“Baba mkubwa, nasomea kutu.”

Nyumba nzima ilicheka. Hata mimi nilishangaa, maana miaka yote nimefundisha kwamba kutu huharibu hazina.

Binti alinivua kitambaa cha kichwa, kile cheupe cha kanisani. Nilikuwa nimekianika kwenye seng'enge kama tufanyavyo sote, kikapata doa la kutu.

“Mama, hili umelifua?”

“Kwa sabuni, kwa ndimu. Limekataa.”

“Chini ya bahari ni hivyo hivyo,” alimgeukia mzee. “Viumbe wakifa huzama. Vijidudu huyala mabaki, na kaboni iliyomo hurudi majini, hata hewani. Lakini yaliyoshikana na kutu iliyomo topeni ni magumu kuliwa. Mengine hulala topeni maelfu ya miaka. Na kutu yenyewe haitulii: pasipo oksijeni huyeyuka na kupanda, ikiipata hugeuka kutu tena, ishike mengine. Nataka kujua inashika kiasi gani, kwa sababu kaboni inayolala kule haituongezei joto huku shambani.”

Mzee alilikwaruza doa kwa ukucha, polepole.

“Kumbe kutu inarinda?”

“Inalinda, baba mkubwa.”

“Si ndiyo nimesema! Inarinda.”

Safari hii tulicheka pamoja naye. Kisha akamwekea binti mkono kichwani. “Enda, mama. Ukimaliza urudi utuambie.”

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilikuwa nimeliombea jambo hilo bila kuchoka.

Jumapili nilifunga kitambaa kile kile, doa likae mbele, juu ya paji la uso. Mwenzangu wa kwaya alininong'oneza, “Dada, umechafuka hapo.”

“Sijachafuka,” nikamjibu, wala sikunong'ona. “Hayo ni masomo ya binti yangu.”