Fishi za Jumatatu Ambayo Hatukusoma

Prefe, mkuu wa shule yetu, alipoweka fishi tupu, zile karatasi za kujaza alama, juu ya meza yangu na kuniambia nizijaze, nilipaswa kukataa. Nilimwambia hakuna shida. Maneno hayo mawili nimeyasema maisha yangu yote, kwa wakubwa wa kanisa, kwa wakwe, kwa mtu yeyote aliyeingia na karatasi mkononi, na karibu kila mara shida ilikuwepo.

Nilikuwa mkurugenzi wa nidhamu katika shule moja ya sekondari hapa Bunia, katika komini ya Mbunya. Walimu na wanafunzi waliniita DD. Asubuhi nilisimama langoni, nikapanga mistari mbele ya bendera, nikawapigisha magoti waliochelewa. Mwisho wa trimesta nilijaza kwenye buletini, ripoti ya kila mwanafunzi, ile nafasi ya mwenendo. Nafasi hiyo ndiyo iliyoniharibu. Shule nzima ya watoto, nani atakumbuka mwenendo wa kila mmoja? Niliketi na rundo la buletini nikaandika "Nzuri" kwa kila mtu, "Nzuri sana" kwa watoto wa kamati ya wazazi, na "Mbaya" kwa wale wawili watatu waliokuwa wamenichosha. Kabla ya chakula cha mchana kazi ilikuwa imekwisha. Hakuna mzazi aliyewahi kuuliza. DD aliyenitangulia alifanya hivyo hivyo, na ndiye aliyenifundisha.

Kisha akaja mwanasaikolojia. Alikuwa mama wa makamo kutoka chuo kikuu, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba tulilazimika kunyamaza ili tumsikie, jambo ambalo walimu wetu hawakulizoea. Alitaka kutafiti kitu kimoja. Shule ikikubaliana juu ya kanuni chache, ikiwafundisha watoto kanuni hizo kwa kuwaonyesha, ikimwambia mtoto wazi kila anapofanya vizuri, na ikimwuliza kabla ya kumwadhibu, je, makosa yatapungua? Hakuahidi kwamba yatapungua. Alisema kama angejua asingekuja. Kila mwalimu angepewa fishi, na kila siku angeweka alama kila aliposifu, kila alipokemea na kila alipoadhibu, na sababu yake.

"Na bale ba kichwa nguvu, Mama?" nilimwuliza. "Tutabapigia makofi?"

Walimu walicheka. Yeye pia alicheka kidogo.

"Bale tutabauliza swali moja zaidi, Papa. Kama magoti ingekuwa inatosha, weye DD ungekuwa umekosa kazi tangu zamani."

Walicheka tena, na safari hii mimi sikucheka.

Binti yangu alikuwa nasi katika chumba cha walimu na hakucheka mara zote mbili. Alikuwa akifundisha darasa la saba, ambalo kwetu ndilo la kwanza la sekondari, na aliandika kila neno la yule mama. Alitaka magoti yaishe. Nilijua kwa nini. Aliwahi kusoma shule hiyo hiyo, na siku moja alichelewa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemtuma apeleke chakula cha mama yake hospitali. Nilimpigisha magoti kwenye changarawe mbele ya mistari yote, ili mtu asiseme DD anapendelea wake. Nyumbani hatukulizungumza. Nilijiona mtu wa haki.

Kazi ya fishi ilianza, na walimu walichoka katika wiki ya pili. Mmoja aliniambia kwamba yeye alisomea hesabu, si kuhesabu pongezi. Mwingine alitumia fishi zake kufungia karanga. Mimi ndiye niliyepaswa kuwasimamia, na sikuwasimamia, kwa sababu moyoni nilikuwa upande wao. Nilikuwa nimeona miradi mingi ikipita Bunia na semina zake na soda zake, na niliona huu nao utapita. Ilipobaki siku moja yule mama aje kukusanya, prefe alishikwa na hofu ya aibu. Ndipo alipoingia ofisini kwangu.

"DD, weye njo unajua banafunzi bote," alisema. "Jaza tu. Ni kama konduite ya buletini."

Kama angesema "danganya", labda ningeshtuka. Lakini alisema kama mwenendo wa buletini, na hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilijaza fishi za madarasa yote kwa alasiri moja na kalamu moja ya buluu. Kusifu mara nne, kukemea mara moja. Kusifu mara saba, kukemea mara mbili. Nilibadilisha namba hapa na pale ili zionekane za kweli, na, Mungu anisamehe, nilifurahia ufundi wangu.

Darasa moja tu sikuligusa, la binti yangu, maana fishi zake zilikuwa zimejaa. Nilizisoma nikakasirika. "Nimekemea mara tisa, nimesifu mara mbili. Leo nilikuwa nimechoka, kosa ni langu." Nani anaandika hivyo kwenye karatasi inayokwenda chuo kikuu? Chini yake kulikuwa na habari za msichana mmoja ambaye familia yake ilikimbia kutoka upande wa Fataki na sasa iliishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani. "Amechelewa mara tano wiki hii. Nimemwuliza. Foleni ya maji." Wiki iliyofuata: "Mara tatu. Mama yake amekubali wachote jioni." Kisha: "Mara moja. Nimemwambia mbele ya wenzake kwamba nimeona."

Jioni hiyo nilimkuta akipepeta mchele nyumbani kwetu.

"Mama," nilimwambia, ndivyo nilivyomwita tangu akiwa mdogo, "andika tena zile fishi. Darasa yako itaonekana mubaya."

"Iko mubaya, Papa. Lakini iko inapona pole pole."

"Bengine bote beko na fishi ya muzuri."

"Bengine bote beko banapigisha batoto magoti kila siku. Niko naona ku dirisha." Aliendelea kupepeta. "Sijui nani anabaandikia ile uongo yao."

Nilisema mchele una mawe mengi, nikatoka.

Yule mama alikusanya fishi, akarudi baada ya wiki moja. Tulikaa katika chumba cha walimu. Aliziweka mezani mafungu mawili, moja nene na moja jembamba.

"Madarasa yote yanaendelea vizuri sana," alisema, "isipokuwa la saba."

Prefe alikimbilia kujibu. "Mwalimu wa pale ni mulaini, Mama. Batoto banamupanda kichwa."

Yule mama hakumjali. Alinigeukia mimi. "Papa DD, weye unasimama mu kiwanja kila siku. Fungu gani linafanana na kile unaona?"

Binti yangu alinitazama. Hakuniomba chochote kwa uso wake. Alisubiri tu, kama mtu anayejua baba yake anaona vizuri. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, na nilichopaswa kufanya ni kunyoosha kidole kwenye fungu jembamba.

"Yote ni ya kweli," nilisema. "Darasa la saba linasumbua. Mwalimu wake hana mkono wa nguvu."

Yule mama alivuta karatasi moja kutoka fungu nene. "Na hii ya Jumatatu?"

Jumatatu hiyo ilikuwa ville morte. Mji ulifungwa, maduka yalifungwa, hata pikipiki hazikutembea, na hakuna mtoto aliyefika shuleni. Mimi nilikuwa nimesifu wanafunzi katika kila darasa. Kwenye fishi ya binti yangu ya siku hiyo kulikuwa na maneno mawili: "Hakuna masomo."

Binti yangu aliichukua ile karatasi, akaiangalia. Namba saba yangu huwa naikata kwa mstari katikati, na yeye mwenyewe nilimfundisha kuiandika hivyo mezani kwetu kabla hajaanza shule.

"Papa," alisema, "ni weye njo uliandika?"

Nilisema prefe ndiye aliyeniomba. Ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu.

Mwanasaikolojia aliitoa shule yetu katika utafiti wake. Alitoa hata fishi za darasa la saba, akamweleza binti yangu kwa upole kwamba hawezi kubakiza darasa moja la shule asiyoiamini. Kwa hiyo kazi pekee ya kweli iliyofanyika pale iliondoka pamoja na uongo wangu. Prefe aliamuru nidhamu ya zamani irudi. Wiki iliyofuata yule msichana wa Fataki alichelewa dakika chache, na nilimpigisha magoti. Binti yangu alikuwa dirishani. Mwisho wa mwaka aliomba kuhamia shule moja ya Gety, mbali nasi, akaenda.

Mimi nimestaafu. Prefe huyo tunakutana kanisani, na bado ananiambia kwamba yule mama alikuwa mkali mno kwa vikaratasi. Nimechoka kumjibu, na ninachoka zaidi nikikumbuka kwamba mimi pia nilisema hivyo miaka miwili mizima.

Binti yangu huja likizo. Ananisalimia kwa mikono miwili, ananiletea maharage ya Gety, ananipa kiti. Namwuliza masomo yanaendaje. "Muzuri, Papa." Na wanafunzi? "Muzuri." Na afya? "Muzuri sana, Papa." Kisha anaingia jikoni kwa mama yake, na kupitia ukutani nasikia sauti yake ikipanda na kushuka, akieleza mambo yote, mabaya na mazuri. Nikiingia, wananyamaza.

Majibu anayonipa nayajua. Ndiyo niliyoyaandika kwenye fishi. Kusema hakuna shida siku ile kulinigharimu binti yangu. Yu hai, ananiheshimu, na hataniambia tena jambo lolote la kweli.