Muuza Makala Anayesifu Miti

Mama muuza makala, yaani makaa ya kupikia, wa kwetu Majengo anauza miti iliyoungua huku akiisifu kama bibi harusi. Kila akijaza ndoo kwa vidole vyake vyeusi, ubeti unamtoka: mukaratusi unavyonukia mvua ikikatika, mianzi inavyosengenyana kwenye upepo. Ana sauti ya mwanakwaya wa safu ya nyuma anayesikika mbele. Na ubeti usipokwisha, ndoo haimiminwi, hata ukohoe namna gani.

Juzi Papa Nshimiyimana, mwenye resto ya kuuza chakula pale kona, mteja wake mkubwa kuliko sisi wote, alichoka kungoja. “Mama, maharagwe yangu yamelala juu ya moto uliozima, nawe unalilia miti unayoiuza ichomwe! Jirani yako anauza bila mashairi. Kuanzia kesho naenda kwake.” Tukacheka, kisha tukamgeukia mama, maana huyo akihama, chakula cha watoto wa mama kinahama naye. Mama akafuta mikono kwenye kitenge. “Papa, hata maiti husifiwa kabla ya kuzikwa. Kwenu Rutshuru, kabla vita havijawaleta huku, mulikuwa na mti gani?”

“Muvumu,” akajibu kwa hasira. “Nyuma ya nyumba.”

Mama akafumba macho.

“Muvumu simama kweli,
mizizi ushikilie,
mwenye nyumba yuko mbali,
kivuli umutunzie.”

Papa akaketi juu ya gunia alilokuja kununua. Simu yake ikalia, na kelele za mpishi wake akidai makala tukazisikia wote. “Ngoja kwanza, mutoto,” akamwambia. “Mama bado hajamaliza.”