Pedi ya Sabina

Waulize watu wa Kirumba waliokulia jirani na uwanja wa mpira, hao ambao siku hizi wana vitambi na wanalalamikia magoti. Watakwambia kwamba kwenye kibanda cha gemu cha Masalu hakuna mwanamume aliyekaa kwa raha kama Sabina yuko kwenye foleni. Mama yake, Suzana, alikuwa anakaanga maandazi mlangoni pa kibanda, na Sabina na mdogo wake Luhaga walitakiwa kumsaidia kuuza. Kuuza wapi! Walikuwa wanaingia na sinia kama wauzaji, na wakishaingia ndio basi tena, maandazi yanaliwa na foleni huku wao wamekodolea runinga macho.

Ilikuwa michezo ya ngumi ya plei stesheni ya kwanza, CD za kuchoma, maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyeyajua. Wapiganaji hawakuwa na majina, basi Sabina akawabatiza. Lile jitu la kifua wazi akaliita Ngosha, maana kwa Wasukuma mwanamume ndiye huyo. Kizee chenye mkongojo kikawa Mzee Fimbo, na hicho kilikuwa cha Luhaga, hakubadilisha hata siku moja. Mwanamke mwenye upepeo mkononi akawa Bibi Mwaloni, kwa sababu alipepea vilevile kama akina mama wanaochochea mkaa kule Mwaloni, soko la samaki. Huyo alikuwa wa Sabina, na aliyemchagua mbele yake alitafuta ugomvi.

Bibi Mwaloni alikuwa na pigo moja la hatari. Kidole gumba cha kushoto kinateleza nusu duara kwenye pedi ya kuchezea, kinarudi kilikotoka, halafu vitufe viwili vinabonyezwa pamoja kabla hujavuta pumzi. Wengine wakijaribu, bibi wa watu anaruka juu na kutua bila habari. Sabina alilipiga huku anatafuna andazi. Upepeo ukifunguka, mpinzani anazungushwa mpaka ukingoni, na foleni nzima inaimba, "Pepea! Pepea!"

Sheria za Masalu zilikuwa mbili tu. Hakuna kumwachia mtu ashinde, kwani kumwachia ni kumtukana. Na aliyeshinda lazima ataje kwa sauti jina la aliyeshindwa, watu wajue kiti cha nani kiko wazi, na aliyetajwa anapisha bila ubishi. "Luhaga kapigwa!" Maneno hayo Sabina aliyasema mara nyingi kuliko sala zake. Lakini ilikuwepo siku moja moja ambayo kizee cha mkongojo kilifanya maajabu, na hapo Luhaga alikuwa anapanda juu ya benchi kutangaza kwamba Sabina kapigwa, kwa sauti ambayo majirani walidhani nyumba inaungua.

Haya, watoto wakakua. Kibanda kikafungwa, simu zikaingia, kila mtu akashika lake. Suzana alifariki, Mungu amlaze pema. Luhaga akawa fundi wa pikipiki, fundi kwelikweli, ila kuoa akawa anasema bado anaangalia. Sabina akaolewa na Maige, dereva wa lori, wakajenga Buswelu, na yeye akaenda Mwaloni kupara samaki. Wanaokula sato hawajui kazi ya kumpara. Maji ya baridi, kisu, magamba, miiba. Mwaka mmoja mwiba ulimwingia kwenye kiungo cha kidole gumba cha kushoto, kikavimba kama embe changa, kikaja kupona kikiwa kigumu. Hakukijali. Kidole cha kushikia samaki kikikakamaa kina ubaya gani? Kinashika vizuri zaidi.

Sasa mwaka jana Luhaga alikuwa anaijaribu pikipiki aliyokwishaitengeneza, ikamtupa. Kichwa kikatangulia. Alilala hospitalini hajitambui, watu wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini nani atapeleka habari kwa ndugu, mara akafumbua macho na kuomba chai. Furaha iliyokuwepo pale, acha tu. Anatembea, anakula, anatania. Sabina alimshika mkono akilia, na Luhaga akamtazama kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo, mama."

Miaka ya katikati ilikuwa imefutika. Luhaga aliishi Kirumba ya maandazi. Aliuliza mama yuko wapi, aliuliza Sabina yuko wapi, na aliyemwuliza ni Sabina huyohuyo. Sabina akimwambia ni mimi, Luhaga alikuwa anacheka kwanza, halafu anakasirika, halafu anashika kichwa na kuumwa hadi jioni. Daktari akamshauri Sabina asimlazimishe. Maige, mtu wa maneno machache, alisema tu kwamba shemeji yake akae Buswelu hadi apone. Basi kila asubuhi kaka wa watu anaamka, anamkuta dada yake uani, anamwamkia kwa heshima kama mama mwenye nyumba. Na Sabina anaitikia marahaba. Angefanyaje? Jaribu wewe kuitikia marahaba ya namna hiyo, uone kama chai itashuka.

Watu nao kwa ushauri hawajambo. Mmoja alimwambia amchinjie mbuzi mweupe, mwingine akasema huyo anajifanya ili alelewe bure. Huyo wa pili Sabina alimtolea maneno ambayo siyaandiki hapa.

Aliyemchanganya ni Masalu. Masalu sasa ni mtu mzima, ana duka la simu mjini, lakini upara alikuwa nao tangu ujanani na sura yake haikubadilika hata chembe. Alipokuja kumjulia hali mgonjwa, Luhaga aliruka kutoka kwenye kiti akamwita kwa jina, akamwuliza kibanda amemwachia nani. Sabina alisimama mlangoni na sinia la soda. Alimfurahia Masalu, na palepale akamwonea wivu. Mimi damu yake hanijui, anamjua mwenye kibanda!

Masalu alimfuata uani akamweleza kwamba ile michezo imerudi. Walioitengeneza wameikusanya yote pamoja, wameisafisha picha, wameisafisha sauti, ila mapigo ni yaleyale, na ukitaka unaweza hata kuirudishia ile mistari ya runinga za zamani. Yeye anayo nyumbani pamoja na mashine mpya, anacheza akikumbuka ujana. Akajitolea kuileta ikae pale.

Hapo ndipo Sabina alipopata wazo, na wazo lenyewe halikuwa la kijinga hata kidogo. Sura imebadilika, sauti imebadilika, mwili umeongezeka. Lakini kwenye kibanda kile mlikuwa mnajuana kwa mikono. Ukiwa nje unasikia vitufe unajua anayecheza ni nani. Luhaga akikaa na Mzee Fimbo wake, akaona Bibi Mwaloni anafungua upepeo, atajua hakuna mwingine duniani apigaye hivyo. Atageuka. Na kwa sheria ya Masalu, yeyote atakayeshinda, majina yatatajwa. Sabina alitaka kitu kimoja tu: kusikia jina lake mdomoni mwa mdogo wake, likimlenga yeye.

Mashine ikaletwa, na alasiri Luhaga akilala, Sabina alikuwa anatoka Mwaloni, ananawa harufu ya samaki kwa limau, anakaa kwenye mkeka kujifunza upya. Loo. Kidole gumba kiligoma. Akili inajua njia, inasema teleza, kidole kinaruka hatua kama mlevi anayevuka mtaro. Bibi Mwaloni akawa anaruka juu na kutua, anaruka na kutua. Sabina alikichua kidole kwa mafuta ya moto, akakitukana, akakiombea. Alasiri moja kikakubali. Upepeo ukafunguka, Ngosha akazungushwa mpaka ukingoni, na Sabina akaziba mdomo kwa kanga asimwamshe mgonjwa. Hakuna aliyeona. Lakini mwenyewe aliona, na imani ikamwingia.

Jumapili baada ya ibada akamwalika Masalu. Benchi likawekwa nyuma ya mkeka kama zamani, maandazi yakakaangwa. Luhaga aliposikia muziki wa kufungulia alikaa mwenyewe, akachukua pedi, akateremka moja kwa moja hadi kwa kizee. "Mzee Fimbo," alisema, na akamtaja Ngosha, akamtaja Bibi Mwaloni, wote, majina aliyoyatunga dada yake. Sabina akaketi kando yake. Luhaga akamwuliza kwa upole kama anajua kucheza.

Vidole vya Luhaga havikuwa vimepoteza kitu. Masalu baadaye alisema ilikuwa ni kama mvulana yule hakuwahi kuinuka kwenye benchi. Kichwa kilisahau, mikono ikakumbuka yote. Na Sabina anayekumbuka kila kitu, mpaka siku na nani aliyekuwa kwenye foleni, mikono yake ilikuwa ya mpara samaki. Aliteleza nusu duara, bibi akaruka. Akarudia, bibi akaruka. Mkongojo ukamshukia, pambano likaisha.

Luhaga akanyoosha shingo atangaze kama sheria inavyotaka. Akamtazama aliyekaa kando yake. Akasita kidogo.

"Huyu mama kapigwa," akasema.

Ule mkusanyiko mpya una kitufe cha kurudisha nyuma. Ukikosea unabonyeza, na pambano linarudi kinyumenyume kama mkanda wa video, waliokufa wanainuka. Enzi za kibanda ungeitwa mwizi. Sabina hakusubiri ruhusa, akabonyeza. Mzee Fimbo akarudi ukingoni kwake, Bibi Mwaloni akasimama mzima. Luhaga alicheka, akamwambia arudie tu, ndivyo watu wanavyojifunza. Akajaribu, akapigwa. Akarudisha tena. Jasho lilikuwa linamtoka, kidole kimewaka moto, na Masalu nyuma yake alikuwa ameacha kutafuna. Mara moja kidole kilifika karibu kabisa, upepeo ukaonekana nchani, na mkongojo ukauwahi. Masalu alimgusa Luhaga mgongoni kwa siri, labda alitaka amwachie. Luhaga akamgeukia kwa mshangao, akamkumbusha kwamba sheria ni yake mwenyewe. Naye alikuwa na haki.

Sabina aliporudisha tena, Luhaga aliiweka pedi yake chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamhurumia.

"Usijisikie vibaya, mama," akasema. "Hiyo Pepea anaiweza Sabina peke yake."

Sabina alijua daktari alisema nini. Alijua kichwa kitamuuma. Lakini mtu ana kiasi chake.

"Luhaga," akasema, "Sabina ni mimi."

Luhaga akautazama uso wake, akautazama mkono wake, kile kidole kilichokakamaa kwenye pedi, makovu ya kisu, magamba yasiyotoka chini ya kucha. Alitazama kwa makini sana, kama fundi anayeitafuta sauti ya ajabu kwenye injini. Safari hii hakucheka wala hakukasirika. Akamgusa bega, kama unavyomgusa mtu mzima aliyefiwa.

"Sawa, mama. Ila umepigwa, pisha. Hiyo pedi ni ya dada yangu, akikukuta nayo atagomba."

Sheria ni sheria. Sabina akaiweka pedi juu ya mkeka, akaifuta kwanza kwa kanga, akainuka akaenda kukaa kwenye benchi, na Masalu akasogea kumpisha bila kumwangalia. Luhaga akachukua andazi, akaligawa nusu, nusu nyingine akaiweka kando ya ile pedi. Halafu akageuka kuutazama mlango.