Fahali wa Mheshimiwa alivyomwezekea Mzee Abdalla nyumba

Wakuu, salamu kutoka Shianda, Kakamega. Haya nimeyaona kwa macho yangu na chumvi sijaongeza. Mbavu bado zinaniuma kwa kucheka.

Huku kwetu kuna kitu tunafanyanga tangu zamani. Kanisa likiwa na sherehe, mnyama anachinjwa na Muislamu, ndio majirani wote wale. Mchinjaji wetu ni Mzee Abdalla.

Sasa huyu mzee upepo uling'oa paa lake. Yeye na wajukuu wakawa wanalala chini ya turubai, na mvua ya huku mnaijua, kila jioni iko.

Jumapili ya sherehe kanisani akaja Mheshimiwa mmoja anayetafuta kiti. Ameletea kanisa mabati na fahali mzima.

Mzee akamfuata msaidizi wa Mheshimiwa, akaomba bati chache tu. Akajibiwa, "Hizi ni za Wakristo. Zako subiri Idi."

Roho iliniuma sana.

Kumbe vijana wa Mheshimiwa, kwa haraka ya kupiga picha, walikuwa wameshamchinja fahali wenyewe nyuma ya kanisa.

Chakula kikapakuliwa, na hakuna mkono uliogusa sahani. Majirani Waislamu hawawezi kula, na sisi tutakulaje wakituangalia? Ugali, obusuma yetu tamu, ukabaki kupoa.

Mheshimiwa akaanza kutoa jasho. Hizo ni kura zinakataa nyama yake mbele ya kamera.

"Mama, nifanye nini?" akamuuliza Mama Rosa, mwenyekiti wa akina mama kanisani.

"Kuku tutaleta sisi, Mzee achinje. Wewe mpelekee mabati."

Pasta akasema amina kabla mama hajamaliza.

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwaya imebeba mabati inaimba, imamu ameshika ngazi, Mheshimiwa na suti yake yuko juu ya nyumba ya Mzee anapiga misumari. Tukala kuku tukashiba. Nyama ya fahali wapambe wake walienda nayo.

Mvua ilipoanza, wajukuu walikuwa wanakunja turubai.

Mheshimiwa akashuka, akamshika Mzee bega. "Sasa Mzee wangu, kura si ni yangu?"

Mzee akatabasamu. "Hiyo nayo subiri Idi."

Mimi nimejifunza hivi: msaada ukianza kuuliza dini yako, hiyo ni kampeni. Huko kwenu, nani huwachinjia? Tiririkeni hapa chini.