Isamu wa Kilburn

Harufu ya karatasi duni yenye wino mwingi hunirudisha Kilburn, mtaa wa London, hata leo. Juzi binti wa mdogo wangu alifungua kitabu chake cha manga, zile katuni za Kijapani, kando yangu kwenye basi, nami nikakiinamia kukinusa kama mtu anayekagua samaki sokoni. "Auntie, people are looking," akasema. Waache watazame.

Tulikuwa tumetoka Mombasa, baba, mama na mimi, tukapanga vyumba viwili juu ya duka la viatu. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Bi Tanabe, mwanafunzi wa Kijapani, ambaye dada yake alimtumia vitabu vya katuni kutoka kwao. Sikujua hata herufi moja. Alinielekeza kwa kidole. Huyu mwenye nyusi nene ni Isamu, maana yake ushujaa. Yule ni Kiyoshi, maana yake usafi, na moyo wake ni safi kweli. Kumbe mtunzi akishamjua mtu wake humchagulia jina la kumfaa, msomaji aione tabia kabla mtu hajafungua mdomo. Mimi niliitwa Shanti, yaani amani, na nilikuwa nimeshapigana na nusu ya mtaa.

Basi mama akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akakaa bila jina. Kwetu Wagujarati jina hutolewa na shangazi, na shangazi yetu alikuwa Kampala, wakati ule Wahindi walipokuwa wakifukuzwa Uganda. Habari zake zilikuwa zimekatika. Baba akasema tumpe jina sisi wenyewe. Mama akakataa katakata.

"Tukimpa sisi, ni kusema wifi yangu hayuko tena. Mimi siyasemi hayo."

Kwa hiyo mtoto akawa Bwana Mdogo tu, wiki baada ya wiki. Nikapendekeza Isamu. Baba akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Kwa kweli jina hilo halikumfaa. Bomba la maji likigonga ukutani, mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka.

Shangazi alifika asubuhi moja, na sanduku dogo na koti la kupewa. Hakutaka chai kwanza. Mama akatandaza khanga, mtoto akalazwa katikati, ili tushike pembe tumbembeze. Pembe nne, sisi watatu, na mtoa jina hashiki. Nikamgongea Bi Tanabe. Akaja na soksi tupu, akaishika pembe yake kwa mikono miwili. Shangazi akainama, akasema, "Nirbhay."

Nikamweleza Bi Tanabe kwamba maana yake ni asiye na hofu.

"Ah," akasema, akamwinamia mtoto kwa heshima. "Isamu."

Nilishangaa shangazi ameijuaje tabia ambayo sisi hatukuwa tumeiona.

Leo Nirbhay ana mvi, na bado hurudi kukagua mlango kabla ya kulala. Nimemtania sana kwa jina lake. Shangazi aliishi nasi mpaka mwisho wake. Hakutusimulia aliyoyapitia njiani, ila hakulala hata siku moja taa ikiwa imezimwa. Mtunzi wa katuni humjua mtu wake, ndipo humpa jina. Shangazi hakumjua yule mtoto hata kidogo. Alijijua yeye, akampa mtoto kile alichokikosa yeye mwenyewe.