Goti la Bukoba

Mimi nafundisha mieleka kwenye sekondari moja hapa Toronto, karibu na Regent Park, na sauti yangu inasikika mpaka barabarani. Nimezaliwa Ilala, nifanyeje? Siku za mwanzo sifundishi kabisa kumwangusha mtu. Nafundisha kusimama: magoti yakunjwe, mgongo unyooke, macho kwa mwenzio. Watoto wananuna, nami nawaacha wanune. Asiyejua kusimama atamwangusha nani?

Basi, msimu uliopita akaja binti mmoja wa darasa la kumi. Mama yake ametoka Bukoba, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na amemlea bintiye kwa adabu za kwao hasa: mkubwa anasalimiwa kwa kupiga goti, macho chini. Kiswahili binti anakielewa chote, ila anajibu kwa Kiingereza. Lakini goti, wapi, halijamtoka.

Na goti hilo ndilo lililokuwa linatumaliza. Kabla ya pambano wachezaji hupeana mikono. Wetu akikutana na msichana aliyemzidi umri, anashusha macho, anainama kidogo. Refa anapuliza filimbi, yeye bado yuko kwenye heshima. Puu! Chali. Kila pambano akawa anaangushwa hivyohivyo.

"Macho juu wewe! Huyo si shangazi yako!" Nilipiga kelele mpaka koo likakauka.

Jioni moja mama yake akaja mazoezini, na hakuja kucheka. "Mwalimu, mimi sikumfundisha mwanangu kumkodolea mtu macho, na sikumleta Kanada aje kubwagwa kama gunia la maharage. Jumamosi nakuja kuangalia mwenyewe. Akibwagwa tena hivyo, mieleka basi."

Binti alikuwa pembeni, machozi yanamlengalenga. Alikuwa anaupenda ule mkeka wa mieleka kuliko kitu chochote, na mimi nilikuwa nampenda yeye kama wa kumzaa. Roho iliniuma.

Sasa, mama alikuwa amefuatana na bibi mmoja wa kanisani kwao. Binti akajifuta machozi, akamsogelea kumsalimia. Akapiga hatua, goti likashuka mpaka chini, mgongo umenyooka, kisha akainuka bila hata kuyumba. Jamani! Hatua hiyohiyo ndiyo ya kuingia miguuni mwa mpinzani, na wenzake nahangaika nao msimu mzima, wanatanguliza vichwa!

"Rudia!" nikapayuka. "Msalimie bibi tena! Haraka zaidi!"

Bibi wa watu akarudi nyuma. Alijua nimechanganyikiwa.

Kuanzia siku ile tukafanya kazi ya goti tu. Sikumwambia tena aache heshima zake. Nilimwambia, "Mkono mpe kama wanavyopeana watu wa hapa, macho kwa macho. Shikamoo yake iweke akiba kwanza. Filimbi ikilia ndipo umpigie goti, na miguu yake uikumbatie." Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mama yake aje.

Jumamosi mashindano yalikuwa Pickering, mji wa jirani. Mama alikaa hajavua koti, na koti la binti kalipakata, tayari kuondoka. Mpinzani alikuwa mrefu, wa darasa la mwisho. Wakapeana mikono na, ole wangu, macho ya binti yakaanza kushuka. Nikajiziba mdomo nisipayuke. Yakapanda yenyewe. Filimbi ikalia, goti likashuka, mikono ikafunga miguu, na yule mrefu akaenda chini.

Alishinda. Nililia mbele za watu, wala sioni haya.

Desturi ya mieleka, pambano likiisha unampa mkono kocha wa upande wa pili. Alikuwa mzungu mzee, kichwa kimejaa mvi. Binti akamwendea, akampigia goti, macho chini. Mzee wa watu hakujua afanyeje, naye akainama.

Mama akanijia, koti keshalivua. Nikajua anakuja kunishukuru.

"Mwalimu," akasema, "goti la pambano lilikuwa zuri. Hili la mzee limelegea, ana haraka. Jumatatu nakuja mazoezini kumnyoosha mwenyewe. Na wale wenzake pia, nimewaona wanavyotanguliza vichwa."