Sura ya Saba

Mpiga chapa alikuwa na adabu, hilo nakiri. Alinipigia simu, akaulizia watoto, akaulizia mvua, kisha akasema kitabu chetu atakichapa chote isipokuwa sura ya saba.

"Ile ya duara lililotitia," alisema, yaani shimo la dhahabu lililoporomoka. "Nami nina familia, ndugu yangu."

Nikamjibu kwamba mficha uchi hazai, nikakata simu. Nilikuwa nimevimba kwa hasira.

Sisi ni watu watano hapa Shinyanga, na nyumba hii ya vitabu ni yetu wenyewe. Bosi hatuna. Tunatoa vile vitabu ambavyo wenye maduka huvificha chini ya meza: vya wachimbaji wadogo, vya wakulima wa pamba, vya ardhi hii ni ya nani hasa. Jambo halipiti mpaka wote tukubali, na kuna siku hata rangi ya jalada hututoa jasho.

Sura ya saba ilikuwa ya mama mwenzetu anayetukunjia karatasi. Mumewe alifukiwa shimoni, mwenye duara akakana kwamba aliwahi kumwajiri. Mama ndiye aliyetusimulia yote. Tulipokutana kuamua, nilitegemea angefoka kuliko mimi. Badala yake alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono: sura itolewe.

"Kitabu kitoke," alisema bila kututazama. "Wachimbaji wa Mwakitolyo wanakisubiri. Mimi nimeshazoea."

Hilo neno lilinichoma. Kabla sijafungua mdomo, mwenzetu wa mashine, aliyechimba dhahabu mpaka mgongo ukamshinda, akanitangulia.

"Mayu," alimwambia mama taratibu, "duara likititia, maduara ya jirani yanafanyaje?"

Kila mtu wa machimbo anajua: hakuna anayechimba duara lake mpaka waliofukiwa watolewe.

"Yanasimama," mama akajibu.

"Basi na sisi tumesimama."

Mama akashusha mkono.

Kitabu chote tukakipitisha kwenye mashine yetu kuukuu ya kudurufu, ambayo hukwama kila ikijisikia. Mikono yetu ikawa myeusi, gundi tukapika wenyewe kwa unga wa muhogo. Nilichoka, lakini sijawahi kuipenda kazi hii kama siku zile.

Sura ya saba ilipoanza kutoka, mama aliichukua karatasi ikiwa bado na joto. Alilitafuta jina la mumewe, akalisoma kwa sauti.

"Ametoka," alisema. "Haya, chimbeni."